Nani Kaziua Mbegu za Bondeni

Mauaji yaligunduliwa siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na robo asubuhi, juu ya meza ya jikoni, ndani ya sahani ya bati. Waliouawa walikuwa mia moja kamili. Walilala mistari kumi, kila mstari kumi, chini ya kitambaa chenye maji, na aliyewafunua ndiye aliyewalaza: msichana wa miaka kumi na tisa ambaye kijiji kizima kilimwita Sisimizi, kwa kuwa tangu utotoni hakupita penye kitu bila kukihesabu au kukibeba.

Zilikuwa punje za mahindi ya mbegu. Siku tano tangu ziwekwe pale zilitosha kabisa kwa punje nzima kutoa mkia mweupe. Sisimizi alihesabu mara ya kwanza, akapata sifuri. Akahesabu tena, polepole, akizigeuza kwa ncha ya kisu. Sifuri. Mwezi mmoja tu nyuma mama yake alifanya jaribio hilohilo kwenye sahani hiyohiyo, na punje tisini na saba ziliota.

Sasa wewe msomaji wa mjini utasema, mahindi tu haya. Subiri. Kwenye mlango wa ofisi ya ushirika kulibandikwa tangazo lenye nembo: shamba litakaloonekana tupu misimu miwili mfululizo litahesabiwa kuwa halina mwenyewe. Msimu uliopita jua lilichoma kila kitu, kwa hiyo msimu mmoja ulikuwa umeshaliwa. Huu ulikuwa wa pili. Keshokutwa, Jumamosi, ilikuwa Siku ya Kupanda: baridi imekatika, udongo umelainika, watu wote wangegawiwa mbegu kutoka ghala moja na kwenda kupanda bonde zima siku moja. Wakipanda mbegu mfu, baada ya siku thelathini Mkaguzi wa Ardhi angekuja kukuta udongo mtupu, na bonde lingeondoka.

Na aliyekuwa anashika ufunguo wa ghala lile, miaka ishirini na miwili sasa, alikuwa mama yake Sisimizi.

Mtu anaweza kuuliza, nani alimtuma kurudia jaribio lililokwisha kufanywa? Hakuna. Alitumwa na mgongo wake mwenyewe, uliokuwa ukimsisimka wiki mbili. Kwanza walikuja wanaume watatu wenye viatu vya shambani ambavyo havijawahi kuona shamba, wakapigilia vigingi bondeni na kuvuta kamba. Sisimizi alikuwa anachunga ng'ombe wao wawili karibu na pale, akawauliza wanapima nini. Mmoja akamwambia, "Chunga tu, binti. Wafaidi majani." Akatabasamu vile mtu anavyomtabasamia mgonjwa. Halafu, Alhamisi ya wiki iliyopita, mapipa sita ya mbegu yalitolewa ghalani kwenda kupakwa rangi kwa ajili ya sherehe ya Siku ya Kupanda. Miaka yote yale mapipa yaliishi na kutu yake na hakuna aliyeyaonea aibu. Yalirudi Jumamosi saa tisa alasiri yakiwa ya bluu, yanang'aa, yamefanana kama watoto wa shule. Jioni ileile Sisimizi alichomoa kizibo kidogo cha chini kwenye pipa lililo karibu na mlango, tundu la kutolea mbegu za majaribio, akatoa punje mia moja zilizojaa majivu ya kuzuia wadudu.

Mama aliingia jikoni akijifunga kanga, akaitazama sahani, akakaa.

"Umeziloweka kwenye maji ya moto?"

"Mama! Mimi mtoto?"

"Basi nipe moja." Akaisuuza ile punje mpaka majivu yakatoka yote, akaishika kwenye mwanga wa dirisha. Akachukua nyingine. Na nyingine. Uso wake ukabadilika. "Hizi si mbegu zangu."

"Unajuaje?"

"Wewe nilikufundisha nini kuhusu gunzi?"

Sisimizi alijipiga paji la uso. Kila msimu wanawake wa ghala hupukuchua kwa mkono. Punje za nchani hutupwa, za kitakoni hutupwa, kwa kuwa ni za mviringo na dhaifu. Za katikati pekee ndizo huwekwa, na hizo ni bapa, zimebanana kama meno. Mbegu za mama ni bapa zote. Kwenye sahani, punje thelathini na moja zilikuwa za mviringo, na kadhaa zilikuwa na nyufa nyembamba.

"Haya yamepukuchuliwa kwa mashine na kukaushwa kwa mashine ya moto, kiini kimeungua," mama alisema. "Mahindi ya unga. Mtu kayapaka majivu ili yafanane na yangu. Kama si kuyaosha, hata mimi ningeyagawa." Akasimama. "Twende ofisini."

"Mama, tungoje kwanza. Tujue nani."

"Mwanangu, kule juu mlimani penye uzio wa waya, unapajua? Bibi yako alilima pale. Siku waliyopachukua kila mtu alikuwa anangoja kwanza ajue nani. Vaa viatu."

Saa mbili kamili walikuwa mbele ya meza ya Mwenyekiti wa ushirika, mtu mnene wa sauti na wa mwili, aliyevaa koti wakati wote kana kwamba kuna mpiga picha nje. Pembeni, kwenye meza ndogo, alikaa Katibu: mwembamba, mpole, mkono wake haukosi kalamu. Ni yeye aliyewaandikia watu barua zao zote, za hospitali, za shule, za kesi. Hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti.

"Punje mia moja hazikuota," alisema Sisimizi, akiweka sahani mezani. "Nimezitoa kwenye pipa moja, lile la mlangoni. Mengine sijayagusa."

"Na si mbegu zangu," mama aliongeza. "Zimebadilishwa. Angalia hii, na hii, ni za mviringo."

Mwenyekiti alizitazama kama mtu aliyeletewa kinyesi cha mbuzi. "Punje ni punje! Siku mbili kabla ya mgeni wetu, Mkaguzi, kuja kushuhudia tukipanda, unaniletea hadithi za mviringo? Umezembea, mama, au umeziuza. Chagua moja."

"Shika adabu yako," alisema mama kwa utulivu. "Nilikufuta makamasi wewe."

"Taratibu, Mwenyekiti, taratibu," Katibu aliingilia, akimwekea mama kiti. "Huyu ni mama yetu sote. Keti, mama. Mapipa sita mazima kufa si jambo ambalo mtu angefanya makusudi. Pengine ni unyevu. Ushauri wangu, mgawo uendelee kama kawaida. Ardhi ina siri zake, huenda zikaota. Tusiwatie watu hofu."

"Mnataka tuzike maiti halafu tungoje zifufuke?" Sisimizi aliuliza.

"Wewe kimya!" Mwenyekiti aligonga meza. "Mgawo utaendelea. Mama, weka ufunguo hapo. Jumamosi mgeni akishaondoka, utapanda gari la Sajenti ukaeleze kituoni mbegu ziko wapi. Na neno hili lisitoke nje ya mlango huu."

Ufunguo uligonga meza. Mama hakulia. Alitoka amenyooka kama mtu aliyebeba ndoo kichwani, na Sisimizi, nyuma yake, akaanza kuhesabu. Alikuwa na Alhamisi iliyobaki na Ijumaa.

Mapipa yalitoka ghalani mara moja tu tangu jaribio la kwanza: yalipokwenda kupakwa rangi. Saa nne alikuwa kwenye ua wa mpaka rangi, mzee mfupi mwenye vidole vya rangi nne, aliyekuwa amekaa juu ya debe akinywa chai.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Kama umekuja kwa habari ya rangi, sina rangi."

"Sijasema rangi. Ulipaka mapipa mangapi wiki iliyopita?"

"Sita." Alijibu haraka mno, na jicho lake likakimbilia nyuma ya nyumba. Sisimizi akalifuata jicho. Nyuma ya nyumba kulikuwa na choo cha mabati, mlango wake mpya kabisa, bluu ya kung'aa.

"Fundi, choo chako na mapipa ya ushirika wamezaliwa tumbo moja?"

Mzee akaweka kikombe chini. "Kopo moja tu, mwanangu! Lilibaki nusu! Ningelirudisha likauke bure? Usinipeleke kwa Mwenyekiti, yule ana kelele, mimi nina presha."

"Ukinidanganya tena nakupeleka wewe na mlango wako. Mapipa mangapi?"

"Kumi na mawili," alisema, akijifuta jasho. "Sita ya mbegu yaliletwa Alhamisi asubuhi. Ijumaa asubuhi yakaja mengine sita, yamejaa mchanga, nikaambiwa ni ya kuwekea jukwaa. Niyapake yote rangi moja, mpaka mfuniko na pembe zake zote, yapendeze."

"Nani aliyaleta?"

"Trekta la ushirika. Na karatasi yenye muhuri wa Mwenyekiti, ninayo. Katibu ndiye aliyeendesha trekta, dereva kaambiwa apumzike. Jumamosi akaja kuyachukua. Akanionyesha haya yanakwenda ghalani, yale yanakwenda uwanjani. Mimi nayajuaje? Yalishakuwa mapacha."

Sisimizi alikuwa anatazama chini. Kando ya ukuta kulikuwa na alama za duara sita kwenye vumbi, na juu ya alama hizo kuku wanne walikuwa wakidonoa kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Yale ya mchanga yalisimama pale?"

"Palepale. Moja lilimwagika kidogo wakati wa kuviringisha, kabla sijapaka."

"Kuku wako siku hizi wanakula mchanga, fundi?"

Mzee akageuka, akawatazama kuku wake kwa mara ya kwanza kwa makini. "Aisee," akasema. "Na walivyonenepa."

Sisimizi aliwafukuza, akaokota punje mbili zilizosalia. Za mviringo zote mbili, zina ufa na majivu. Basi mapipa "ya mchanga" ndiyo yaliyokuja na mahindi ya unga, na ndiyo yaliyokwenda ghalani. Na mapipa ya mama?

Kwanza muhuri. Kila mkono ulimwelekeza kwa Mwenyekiti, na kusema kweli Sisimizi alitamani iwe yeye. Kelele zile, koti lile, ufunguo wa mama ulivyogonga meza yake. Ijumaa saa tatu asubuhi alimkuta ofisini peke yake, amesimama mbele ya kioo kidogo akiufanyia mazoezi mkono wa kulia namna utakavyopaa kwenye hotuba.

"Mwenyekiti, nimekuja kusifu wazo la rangi."

Mtu yule alilainika kama siagi juani. "Umeona, eh? Nilisema mapipa yetu yanatia aibu. Mgeni aone bluu! Mapipa sita yanasimama kama askari."

"Sita tu? Mimi nilidhani kumi na mawili."

"Kumi na mawili ya nini? Tuna mbegu za nchi nzima sisi?" Akacheka kwa moyo wote. "Wewe mtoto hesabu zimekuzidi."

"Lakini karatasi ya mpaka rangi ina muhuri wako."

"Muhuri anao Katibu kwenye mtoto wa meza. Mimi nina mambo makubwa kuliko kugonga muhuri. Hata wazo lenyewe la rangi yeye ndiye alinikumbusha kwamba nililiwaza." Akajikuna sikio, kana kwamba sentensi ile imemkera, kisha akarudi kwenye kioo. "Mama yako mwambie avae vizuri kesho."

Sisimizi alitoka akiwa na hasira nyingine kabisa. Mjinga mwenye kelele huwa anaonekana toka mbali. Huyu mwingine, mpole, aliyekuwa akiwaandikia barua na kuwavutia viti, kila mtu alimshukuru. Wakati huohuo likamrudia neno alilolisikia Alhamisi na kulipita kama mtu anavyopita jiwe njiani: *mapipa sita mazima kufa*. Yeye alisema pipa moja. Alisema waziwazi mengine hajayagusa. Akaenda mbio mpaka ghalani. Mlango ulikuwa na kufuli jipya, lakini dirisha la wavu lilitosha. Akahesabu mapipa sita ya bluu. Kuzunguka kila mfuniko rangi ilikuwa nzima, bila ufa, imeunganisha mfuniko na pipa kama ngozi moja. Vizibo vitano vya chini navyo vilikuwa vimezibwa na rangi. Ni kimoja tu kilichochubuka, kile alichokichomoa mwenyewe.

Saa nane mchana alikuwa uwanjani. Seremala, kijana mrefu mwenye penseli sikioni, alikuwa akipigilia mbao za mwisho za jukwaa. Kitambaa cheupe kilishaning'inizwa kuzunguka miguu.

"Kaka, jukwaa lako limesimama juu ya nini?"

"Usinichokoze, dada, nina hasira tangu Jumamosi." Alitema msumari. "Nilikata nguzo kumi na mbili za mti safi. Katibu akaja na mapipa, akasema wageni ni wazito, weka haya. Seremala mzima naweka jukwaa juu ya mapipa kama muuza mafuta! Na akanisisitizia, sherehe ikiisha hakuna kubomoa mpaka lori la viti lije, litabeba na mapipa."

"Litayapeleka wapi?"

"Alikokodi viti. Mchanga unakodishwa siku hizi?"

"Una keke ya kutobolea?"

Seremala alimtazama, akatazama huku na huku, akainua kitambaa. "Ingia. Na ukitoboa mbao zangu tutakosana."

Chini ya jukwaa kulikuwa na harufu ya rangi na ya mbao mbichi. Sisimizi alilala ubavu, akaweka ncha ya keke kwenye pipa la kwanza, akazungusha mpaka mkono ukafa ganzi. Bati lilipoachia, majivu yalimwagika kiganjani, na nyuma yake punje moja, mbili, kumi, ishirini. Zote bapa. Zimebanana kama meno. Alichonga kijiti akaziba tundu, akabaki amelala pale amekumbatia pipa, akicheka kimyakimya mpaka seremala akauliza kama ameumia.

"Kaka, kesho usinywe pombe. Nitakuhitaji na nyundo yako."

Jumamosi saa nne asubuhi uwanja ulijaa. Watu walikuja na majembe, na mifuko mitupu ya kutilia mbegu. Jukwaani walikaa Mwenyekiti, Katibu, na Mkaguzi wa Ardhi, mtu wa miwani mwenye mkoba wa ngozi magotini. Mapipa sita ya bluu kutoka ghalani yalipangwa mbele yao. Pembeni, kwenye benchi, alikaa mama yake Sisimizi, na karibu naye Sajenti wa kituo, akitazama viatu vyake kwa aibu.

Mwenyekiti aliponyanyua mkono wa kulia, Sisimizi alikuwa ameshapanda ngazi.

"Kabla hamjagawa, ndugu zangu, mapipa haya yana mahindi ya unga. Ukiyapanda hayaoti hata moja."

Uwanja ulivuma kama mzinga uliopigwa teke.

"Mteremsheni!" Mwenyekiti alipiga kelele.

"Mwacheni," alisema Mkaguzi, akivua miwani. "Mimi nimekuja kuandika kwamba mmepanda. Nataka kujua mnapanda nini."

Katibu alisimama polepole, uso umejaa huruma. "Bwana Mkaguzi, binti huyu ana uchungu. Mama yake ameharibu mbegu, tulitaka kumsitiri. Dada yangu, shuka, usijiaibishe."

"Kaka Katibu, nina swali moja tu, ukilijibu nashuka. Alhamisi saa mbili, ofisini, nilisema nimepima mapipa mangapi?"

"Sikumbuki."

"Mwenyekiti, unakumbuka?"

Mwenyekiti alikunja uso. "Moja. La mlangoni. Ndiyo, ulisema moja."

"Na Katibu akasema mapipa sita yamekufa. Ulijuaje, kaka?"

Katibu hakutetereka. "Nilikuwa nimeshaenda ghalani kuangalia. Nilifungua mapipa yote. Ni wajibu wangu."

"Asante," alisema Sisimizi. "Sajenti, naomba uje uguse mifuniko."

Sajenti alikuja, akainama, akapitisha kucha pipa baada ya pipa. Alichukua muda wake. "Rangi nzima," akasema. "Hakuna mfuniko uliofunguliwa tangu yapakwe. Wala vizibo, ila hiki kimoja."

"Hicho nilikichomoa mimi. Sasa, Katibu, umefunguaje mapipa yote bila kupasua rangi? Uliona kilichomo kabla ya rangi. Uliona kwa sababu ulikijaza wewe."

Kwa mara ya kwanza watu walimsikia Katibu akipaza sauti. "Uongo! Mapipa yalikaa kwa mpaka rangi siku tatu! Muulizeni mwizi yule wa rangi!"

"Nimeiba kopo moja!" sauti ililipuka katikati ya watu, na mzee mfupi akajipenyeza mbele, karatasi mkononi. "Kopo moja, nusu, nimepaka choo, nifungeni! Lakini wewe uliniletea mapipa sita ya 'mchanga', na mchanga wako kuku wangu wameutafuna wiki nzima! Karatasi yako hii hapa!"

"Muhuri ni wa Mwenyekiti," Katibu alisema.

"Muhuri unakaa kwako!" Mwenyekiti alisimama, na lile koti likaonekana kumpwaya. "Nawe ndiwe uliyenikumbusha... ulinikumbusha wazo ambalo..." Akakaa. Mtu mzima akakaa, akashika kichwa, na kicheko cha uwanja mzima kikamwangukia.

"Na mbegu zenyewe?" aliuliza Mkaguzi. "Ziko wapi?"

"Umezikalia, Bwana Mkaguzi."

Seremala hakungoja kuambiwa. Aling'oa kitambaa kwa mkono mmoja, ubao wa mbele kwa mwingine, wageni wakaruka chini kama kuku waliotupiwa jiwe. Pipa la kwanza lilitolewa, nyundo ikagonga mfuniko mara tatu, rangi ikapasuka. Mama yake Sisimizi alikuwa ameshasimama. Hakuna aliyethubutu kumwambia akae. Aliuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umejaa, akapuliza majivu, akawapa wanawake wenzake wa ghala waliomzunguka. Kila mmoja alitazama kiganja chake.

"Zetu," alisema wa kwanza.

"Bapa zote. Zetu," alisema wa pili, na kigelegele kilichopasuka kiliwatisha ng'ombe mpaka ng'ambo ya mto.

Katibu alikuwa anarudi kinyumenyume kuelekea kwenye trekta. Sajenti alimkuta nusu ya njia.

"Hamna ushahidi wa kwa nini," alisema Katibu, akihema. "Mtu hubadilisha mbegu ili apate nini? Sipati chochote!"

Hapo Mkaguzi akafungua mkoba wake. Alitafuta bila haraka, kama watu wa ofisi wanavyotafuta, akatoa barua moja, akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya kampuni inayoomba kupewa bonde lote kwa miaka hamsini. Sababu ya ombi: wakulima wameshindwa kuotesha chochote kwa msimu wa pili mfululizo. Meneja mtarajiwa wa shamba: Katibu, jina lake kamili na sahihi yake.

"Nilipoipokea nilidhani tarehe imekosewa," alisema Mkaguzi. "Imeandikwa wiki tatu zilizopita. Msimu wa pili haujaanza hata leo. Wewe ulijuaje kwamba mbegu zao hazitaota?"

Hivyo ndivyo mazoea ya ofisini yalivyomnasa: barua itangulie ili iwe ya kwanza kwenye foleni, ukweli utaifuata baadaye. Miaka kumi alikuwa akiandika hivyo, na miaka kumi ukweli ulimfuata kwa utii. Siku hii uligoma.

"Nyinyi!" Katibu alilipuka, na upole wote ukamwagika kama maji machafu. "Nimewaandikia barua miaka kumi! Hata jina lenu hamwezi kuliandika, mnanipa asante na mayai! Kampuni ingewapa ajira! Ardhi gani hii mnayoing'ang'ania na vijembe vyenu?"

Mama wa ghala alimsogelea. Watu walidhani atampiga, na wengi walitamani.

"Tulikupa mayai kwa kuwa ndicho tulichokuwa nacho," alisema. "Na barua tulikupa wewe kwa kuwa tulikuamini. Walipochukua kule mlimani, mama yangu aliweka kidole gumba kwenye karatasi aliyosomewa na mtu mpole kama wewe. Safari hii mtoto wangu amehesabu." Akamgeukia Mwenyekiti na kunyoosha kiganja. "Ufunguo."

Mwenyekiti alimpa kwa mikono miwili.

Sajenti aliondoka na mtu mmoja ndani ya gari, na hakuwa mama. Hotuba haikusomwa. Saa sita mchana mgawo ulikwisha, na bonde zima, kutoka mtoni hadi kwenye vigingi vya wale wapimaji, lilijaa migongo iliyoinama na vicheko. Vigingi viling'olewa vikawa kuni. Mwenyekiti mwenyewe alionekana shambani bila koti, akichimba mashimo yaliyopinda, na watoto wakimwelekeza.

Siku ya thelathini Mkaguzi alirudi na daftari lake kuhesabu mashamba matupu, kama sheria inavyomtaka. Alisimama ukingoni mwa bonde, mguu mmoja hewani, akitafuta pa kuuweka. Kijani kilianzia pale kwenye ncha ya kiatu chake na kuteremka mstari kwa mstari hadi mtoni, mahindi yamefika magotini, hakuna pengo.

Mama yake Sisimizi alimpigia kelele kutoka katikati ya shamba, jembe begani.

"Pita kwenye tuta, Bwana Mkaguzi! Ukinikanyagia hata mmoja, utapanda gari la Sajenti!"

Mkaguzi akashusha mguu, akalifunga daftari, akapita kwenye tuta.